Mkanda wa Pikipiki na Mbwa wa Didia

Nianze mwenyewe kabla hamjaanza nyinyi: katika habari hii mjinga ni mimi. Wajinga wengine wamo, tena wa kutosha, na kila mmoja nitamfikia kwa zamu yake, lakini ukiwapanga kwenye mstari, mimi ndiye niliyesimama mbele nimeshika bendera. Didia nzima wanalijua hilo. Ukipita kule leo ukauliza habari za kijana wa pikipiki, hata mwanamke mwenye mtungi kichwani atautua kwanza, apate kucheka vizuri.

Pikipiki yenyewe niliipata kwa mzungu mmoja aliyekuja kutafuta dhahabu upande wa Geita, miaka ile kila mwenye koleo alikuwa anakimbilia huko na kila mwenye akili anabaki nyuma kuwauzia wenye koleo unga. Huyu hakupata dhahabu. Alipata homa na ndevu. Akarudi Shinyanga kupanda treni, mimi nikambebea masanduku yake mpaka stesheni, na pale akaambiwa nauli ya kuipakia ile pikipiki inapita thamani ya pikipiki. Akaitazama, akanitazama mimi, nadhani akaona tunafanana. Akanipa. Alinipa kama mtu anavyompa mwenzake mbwa mwenye upele, haraka na bila kugeuka nyuma. Nami nikapokea kwa mikono miwili, na goti nikapiga.

Ilikuwa kitu cha zamani hata kwa wakati ule. Pikipiki za wakubwa wa serikali zilikuwa na mnyororo mpaka gurudumu la nyuma. Ya kwangu ilikuwa na mnyororo mfupi mbele, wa aibu, halafu kutoka hapo kwenda gurudumu la nyuma ni mkanda. Mkanda, kama suruali. Na huo mkanda haukuwepo. Kilichokuwepo ni mahali pake. Injini ilikuwa inawaka, hilo sitaidhulumu. Ukiipiga teke la kweli inawaka, inanguruma, inatetemeka, moshi unatoka, kila kitu kinafanya kazi isipokuwa kwenda.

Kazi yangu wakati huo ilikuwa kwenye jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba pale mjini. Nilikuwa na darasa la nne kichwani, maana yake nilijua kusoma, kuandika, na kumdharau asiyejua. Nilitegemea watanipa kalamu. Wakanipa kopo la ulimbo. Mashine zote mle ndani zilikuwa zinazungushwa kwa mikanda mirefu ya ngozi, na mkanda ukikauka au ukipata mafuta unateleza, mashine inasimama, msimamizi anatukana. Basi mimi ndiye niliyekuwa nazunguka na kopo, naipaka mikanda ulimbo ili ing'ang'anie. Ulimbo ule ule watoto wanategea ndege. Nikirudi nyumbani vidole vimegandana, majirani wananiuliza leo nimenasa chiriku wangapi. Niliidharau kazi ile tangu siku ya kwanza. Niliifanya bila kuitazama, nikiwaza mambo makubwa. Naomba mlikumbuke hilo kopo, kwa sababu mimi nililisahau.

Sasa kwa nini niliihitaji pikipiki iende. Mama yangu ni mtu wa Didia, na kaka yake, mjomba wangu, alikuwa na boma lake huko. Nilipokuwa nakwenda kumtembelea nilimwona binti wa jirani yake. Nilimsalimu Kiswahili cha mjini, kile cha kuvuta maneno. Akaniangalia kuanzia chini, akaniuliza kama viatu ni vyangu au mwenyewe ananisubiri. Vilikuwa vya kuazima. Tangu hapo sikulala vizuri.

Baba yake alikuwa na ng'ombe wengi mpaka akawa hana haja ya kusema sana. Mjomba alipokwenda kunipelekea maneno, mzee akauliza swali moja, kijana ana nini. Mjomba akajibu ana kazi mjini. Mzee akafukuza nzi. Mjomba akasema ana elimu. Mzee akatema mate pembeni, kwa adabu. Ndipo mjomba, kwa kuona mambo yanaharibika, akasema ana pikipiki. Hapo mzee akageuza kichwa. Alishawahi kuiona moja ya bwana wa pamba, ikapita karibu na malisho yake, ng'ombe wakatawanyika nchi nzima. Mtu mwingine angekasirika. Yeye aliheshimu.

Jibu lake mjomba aliniletea neno kwa neno, nami nalijua mpaka leo. "Ng'ombe wa mahari habebwi. Anaingia bomani kwa miguu yake, watu wakimwona. Na hicho chuma chake kije hivyo hivyo. Kikiingia chenyewe tutakaa, tutazungumza. Kikija kinasukumwa, asipoteze salamu zake."

Muda aliotoa ni mpaka mvua za kulimia. Na mjomba akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba yupo mtu mwingine anayetuma maneno pale, mgane wa upande wa pili wa mto, ana ng'ombe wengi na meno machache.

Basi nikaanza kutafuta mkanda.

Nilianzia kwa Mhindi wa duka la vipuri pale Shinyanga. Alikuwa na kila kitu kwenye makopo, amekaa nyuma ya meza kama mtu anayelinda kaburi. Nikamweleza. Akatoka nje kuitazama pikipiki, akaizunguka, akagonga tangi kwa kucha, akarudi kukaa. Nikamuuliza anayo mikanda yake au hana.

"Hii iko babu," akasema. "Mimi nauza mjukuu tu."

Nikamwomba basi aniambie inatengenezwaje. Akasema zamani kulikuwa na kitabu chenye picha, kilikuja na pikipiki kama hiyo, yeye akakitumia kufungia pilipili. Alisema bila haya yoyote. Inawezekana elimu yote ya pikipiki yangu ililiwa Shinyanga pamoja na mchuzi.

Nikaambiwa Tinde yupo askari mstaafu aliyepanda pikipiki za namna hiyo wakati wa vita vya Wajerumani. Nikafunga safari. Nikamkuta anauza karanga. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba ya afisa. Nikasikiliza habari za vita mpaka jua likahama upande. Katika habari zile yeye peke yake ndiye aliyekuwa akipigana. Waingereza walikuja kutazama. Nilipopata upenyo nikauliza juu ya mkanda. Akafumba macho, akasema mkanda wa kweli ni wa ngozi ya tembo, sehemu ya nyuma ya sikio, na pikipiki isiwashwe siku ya Jumatatu. Nikamuuliza yake ilikuwa na mkanda upande gani, kushoto au kulia. Akasema pande zote mbili. Nikanunua karanga, nikaondoka. Karanga zilikuwa mbichi.

Mtu wa tatu alikuwa dereva wa lori aliyekuwa akileta marobota ya pamba jineri. Huyu alisema kitu chenye maana: Nyarugusu, kwenye kambi moja ya machimbo, ipo pikipiki kama yangu, pacha kabisa, imelala. Mwenyewe alikwenda zake, kambi ikaachiwa mnyapara. Nikaomba ruhusa jineri kwamba shangazi amefariki. Ni shangazi huyo huyo aliyekuwa akifariki kila nilipohitaji siku. Nikapanda juu ya magunia ya mtama kwenye lori linalopeleka chakula machimboni, nikafika huko nimekuwa rangi moja na barabara.

Watu wanaisifu sana nchi ya dhahabu, kwa sababu hawajafika. Nilikuta mashimo na vibanda. Wanaume wazima wanaingia ardhini asubuhi, wanatoka jioni na udongo, wanauosha ule udongo, wanautazama kwa karibu kama mama anayetafuta chawa, halafu wanaumwaga. Wakiona kitu kinang'aa, kinakuwa cha mwenye kambi. Kisichong'aa ndicho chao. Na bado wananiangalia mimi, mtu mwenye viatu, kwa huruma.

Pikipiki ilikuwepo kweli, ila sehemu nyingi kwa wakati mmoja. Tangi lilikuwa jikoni, wamelitoboa juu, wanawekea maji ya kunywa. Kiti alikuwa amekikalia mpishi. Gurudumu la mbele limefungwa juu ya shimo, kamba inapita juu yake, wanavutia ndoo za udongo. Taa sikuiona, walisema ilikwenda harusini haijarudi. Nikauliza mkanda. Wakatazamana, wakaanza kucheka kwa kupokezana, mpaka mmoja wao, kijana mrefu mwenye meno ya mbele yaliyoachana, akainua mguu wake akaniwekea mbele ya macho.

"Unautafuta huu?" akasema. "Nusu ni hii. Nusu nyingine imekwenda Mwanza na mwenye miguu yake."

Alikuwa ameukata akaufanya kamba za katambuga. Tena alizifunga vizuri, siwezi kusema uongo. Nikasimama pale natazama mahari yangu ikiwa na kucha chafu.

Kitu pekee kilichosalia kilikuwa kibanio, kile kichuma cha kuungia ncha mbili za mkanda zikutane. Alikuwa amekining'iniza kiunoni, kimeshika kifuko cha ugoro. Nikamwomba. Akatazama kofia yangu. Ilikuwa kofia nzuri, ya kwangu mwenyewe, si ya kuazima. Nikaivua. Alipoivaa wenzake wakamwamkia shikamoo, akaitikia.

Nilipokuwa nageuka kuondoka akaniita. "Nyie Wasukuma bwana," akasema, naye kwa lafudhi yake alikuwa Msumbwa, jirani yetu kabisa, hana mahali pa kunichekea. "Nyumbani kwenu ngozi mnalalia, mnabebea watoto, mnafungia milango. Halafu unakuja kutafuta ngozi kwa watu wanaochimba mawe."

Nilimdharau njia nzima. Nilipofika Shinyanga nikagundua ninachomdharau ni kwamba amesema kweli.

Nikaisukuma pikipiki mpaka Didia, kwa njia za pembeni, asubuhi sana, ili nisionwe na upande wa wakwe. Nikaificha nyuma ya ghala la mtama la mjomba. Mjomba alikuwa na ngozi ya maksai aliyekufa kiangazi, imewambwa, imekauka, ngumu kama mlango. Akanipa. Nikaikata kwa kuzunguka, kuanzia ukingoni naingia ndani kama konokono, nikapata ukanda mmoja mrefu usio na kiungo. Nikaukunja mara tatu, nikaushona kwa mishipa ya ng'ombe, nikauchonga pembeni uingie kwenye mfereji wa gurudumu. Kila mwanamume aliyepita alisimama kutoa maoni. Hawajawahi kuona pikipiki ikitengenezwa, wengine hawajaiona ikipita, lakini wote walijua ninapokosea. Mmoja alisema niifunge kengele. Mwingine aliuliza kama imehasiwa.

Nikafunga kibanio, nikatia petroli, nikapiga teke, nikaachia klachi taratibu. Nikaenda.

Sikilizeni, nilikwenda. Nilitoka nyuma ya ghala, nikapita zizi, nikafika mwisho wa shamba la viazi, nikageuka, nikarudi nimekaa juu. Mjomba alishika kichwa. Kuku hawakuonekana mpaka jioni. Ningeiacha vile vile, leo ningekuwa nasimulia habari nyingine, fupi, ya mtu mwenye akili.

Tatizo lilikuwa sauti. Ngozi ilikuwa kavu, na kila ilipozunguka ililia. Si mlio wa mashine. Ililia kama mbuzi aliyefungiwa nje. Mimi nilijiambia si kitu. Kesho yake nikakutana na binti kisimani, amekuja na wenzake. Alisubiri mpaka wote wananisikiliza, ndipo akaniamkia vizuri, mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi, kwa heshima zote.

"Jana nilimsikia mbuzi wako," akasema. "Baba alifurahi. Alidhani umeongeza mahari."

Wale wenzake walicheka mpaka maji yakamwagika. Nami nikacheka, kwa nje. Ndani nilikuwa nimeshaamua: siku ya kuingia bomani kwa wakwe, pikipiki yangu haitalia kama mbuzi. Itanguruma kama ya bwana wa pamba, na itanyamaza pale inapotakiwa kunyamaza.

Siku hiyo hiyo nikakaa kivulini kwa ghala, mkanda mapajani. Sasa mtu asiyetoka kwetu hawezi kuelewa kilichofuata. Didia ngozi haiachwi kavu. Ngozi ya kulalia, ya kubebea mtoto, kamba ya kufungia ndama, vyote vinapakwa mafuta. Ukiingia nyumba ya mtu ukakuta ngozi kavu, imepasuka, unajua humo hakuna mke au hakuna ng'ombe, na unasema hivyo ukitoka. Tangu mtoto nilikuwa namwona bibi yangu na kibuyu cha samli, anapaka, anasugua, anapaka tena. Kwa hiyo mkono wangu haukuniuliza. Ulikwenda wenyewe kwenye kibuyu cha mke wa mjomba. Ile samli ya zamani, iliyokaa mpaka ikapata harufu ya kujitegemea. Nikapaka. Nikasugua. Nikauanika juani ukanywa, nikapaka tena. Kufika jioni mkanda ulikuwa laini kama sikio la ndama, unang'aa, unapinda unavyotaka. Mke wa mjomba akausifu. Mjomba akausifu. Wale wanaume wenye maoni, kwa mara ya kwanza, hawakuwa na maoni.

Mimi, ambaye mshahara wangu wote mjini ulikuwa wa kuzuia mkanda wenye mafuta usiteleze. Mimi mwenye kopo la ulimbo. Hata halikunipitia kichwani. Ya mjini niliyaacha mjini, pamoja na kopo.

Asubuhi ya siku yenyewe mjomba alitangulia kwa miguu kukaa na wazee. Mimi nikavaa shati jeupe. Boma la mjomba liko juu kidogo, karibu na mawe, na njia ya kwenda kwa mzee inashuka kwanza, halafu inapanda taratibu mpaka kwenye uzio wake wa minyaa. Nikawasha. Nikaachia. Ikaondoka kwa heshima, kimya, hakuna mbuzi, ni mngurumo tu. Watu wamejipanga pembeni ya njia. Nilishika usukani kwa mkono mmoja ili mwingine upate kupunga. Sikujua kwamba kinachonipeleka ni mteremko.

Tulipofika chini njia ikaanza kupanda, na pikipiki ikaanza kufikiri. Nikaongeza moto. Ikanguruma zaidi na kupunguza mwendo zaidi. Nikaongeza tena. Ikanguruma mpaka watu wakaziba masikio, na ikasimama. Gurudumu la nyuma limetulia kama la cherehani siku ya sikukuu. Puli, kile kigurudumu cha mbele kinachouvuta mkanda, inazunguka ndani ya ule mkanda wangu laini kama kidole ndani ya pete kubwa. Kutoka pale niliuona uzio wa minyaa. Niliwaona wazee wamekaa. Nilimwona mzee mwenyewe amesimama, mikono nyuma, anasubiri kitu kije kwa miguu yake.

Mtu mwenye busara angezima. Mimi niliongeza moto. Niliwaza kwamba ikipata hasira itakwenda. Na kweli kitu kikapata joto: puli. Ikasugua, ikasugua, mpaka ile samli ikaanza kuchemka, na ngozi ya maksai nayo ikaanza kuiva. Moshi ukapanda katikati ya miguu yangu. Haukuwa moshi wa petroli. Ulikuwa harufu nzuri sana, ya utumbo unaokaangwa, ya harusi. Nikaona watu pembeni wananusa. Mtoto mmoja akamuuliza mama yake kama wanaanza kugawa.

Halafu nikawaona mbwa.

Mbwa wa Didia wakati wa kiangazi si wanyama wa kuchezea, mbavu zao unaweza kuzihesabu ukiwa ng'ambo ya mto. Walitoka kwenye kila boma. Mwanzoni wakakaa mbali, kwa sababu ya mngurumo, wamezunguka duara, ulimi nje, wananitazama kama wazee wa baraza. Nikawa najua kabisa kwamba kinachonilinda ni ile injini. Na injini, kwa kupigwa moto bila kwenda popote, ikakohoa, ikatetemeka, ikazimika.

Duara la mbwa likaanza kujifunga.

Nilishuka upande wa kulia. Wao wakaingia kutoka kushoto. Sikupigana, naomba ieleweke, shati lilikuwa la kuazima. Wakaung'ang'ania ule mkanda, mmoja kushoto, mmoja kulia, kibanio cha Nyarugusu kilichonigharimu kofia kikafunguka kama hakijawahi kufungwa, na mbwa mkubwa mwekundu akaondoka nao. Alikimbia juu, kwa njia ile ile niliyokuwa nimeipanga mimi, wenzake nyuma yake, akapita kwenye mlango wa uzio, akaingia bomani, akalala katikati ya wazee na kuanza kula. Alikuwa mbwa wa mzee mwenyewe.

Nilipanda kilima nikiwa na shati jeupe lenye samli. Ningeweza kurudi, lakini nyuma nako walikuwa wamejaa. Wazee walikuwa wanalia kwa kicheko, mjomba amefunika uso kwa mgolole, sikujua anacheka au anaomba kufa. Mzee peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama mbwa wake anavyotafuna, kwa makini sana, kama anayekagua ng'ombe. Nikapiga goti, nikamwamkia. Akaitikia. Akaniuliza, kwa upole, kama kile anachokula mbwa ndicho kinachofanya pikipiki itembee. Nikasema ndiyo, baba. Akauliza kimepakwa nini. Nikasema samli. Akauliza nani alinifundisha. Hapo ndipo lile kopo la ulimbo likaniingia kichwani, zima, pamoja na mpini wa brashi yake na sauti ya msimamizi. Nikakaa chini. Nikamwambia yote, jineri, mikanda, ulimbo, kila siku ya kazi yangu, kwa sababu sikuwa tena na kitu cha kuficha. Kadiri nilivyosema ndivyo wazee walivyozidi kulala chali.

Mzee akasubiri wamalize.

"Nilisema kitu cha mahari kije kwa miguu yake," akasema. "Kipande kimefika, lakini kwa miguu ya mbwa wangu, na mbwa wangu siwezi kumwoza binti. Hicho chuma hakina miguu. Wewe unayo. Kesho asubuhi miguu hiyo ije hapa, na jembe."

Sikuelewa mpaka mjomba alipofunua uso na kunikanyaga kidole.

Nililima. Mvua zilinikuta shambani kwa mzee na zikaniacha huko huko. Jineri walimpa kopo mtu mwingine, na shangazi yangu akapumzika kufa. Pikipiki ilibaki pale chini ya kilima ilipogoma. Kuku wa jirani wakaanza kutagia chini ya tangi, na watu wakipita na wageni wanawasimamisha waione. Yule mgane alileta ng'ombe wake kweli siku moja, mimi nikiwa nimeinama kwenye matuta, wakapita mbele yangu kwa miguu yao, wazuri, na jioni nikawaona wanarudi walikotoka. Hakuna aliyenieleza kitu. Nami nikarudi kwenye tuta langu.

Kesho yake binti aliniletea maji shambani. Alisimama juu ya tuta langu, akalitazama, akaniambia limepinda. Nikanywa. Akachukua kibuyu chake, akaenda kidogo, akageuka.

"Dada zangu wananiuliza mahari yangu ilikuwa nini," akasema. "Nimewaambia mbwa wameshaila."